Ulisimama Wapi, Baba Mkubwa

Dodoma, 12 Januari 2025

Baba mkubwa Athumani,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na baridi ya Lukozi haikusumbui kama mwaka jana. Msalimie sana mama mkubwa Latifa. Huku sote wazima, ni vumbi tu na joto. Juma anakuamkia. Mpaka leo anasimulia jinsi ulivyomkalisha amenye viazi siku aliyokuja kuposa, eti ukitaka kuona anavyoshika kisu.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nakujua. Ujumbe wa simu unaujibu kwa neno moja, "Sawa," lakini ukipewa karatasi na nafasi unafundisha. Barua hii naipakia kwenye basi la Tanga, Twaha dereva ataipokea pale Mombo na kuipandisha kwenu.

Habari kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ya Mama. Amekubali kuhamia kwangu baada ya mavuno ya masika. Magoti yamechoka na njia ya mtoni. Anasema yale maji unayompa kila Jumamosi ndiyo yaliyomfikisha hapa, Mungu akulipe, ila karoti haziwezi kunywa mara moja kwa wiki. Shamba atalikodisha, na nyumba ataifunga.

Ya pili inatokana na hiyo. Chuo kimenipa ruhusa ya miezi mitatu kupiga picha za miteremko ya Usambara, kwa kamera kubwa ya filamu za vipande kama uliyotumia wewe wakati wa mradi wa matuta. Nataka nisimame palepale uliposimama, nionyeshe mlima ulivyokuwa na ulivyo. Na nataka nianze na shamba letu kabla Mama hajaondoka.

Mama mwenyewe aliitoa ukutani ile picha yako ya mwaka 1983, iliyokuwa juu ya kiti unachokalia siku zote. Akaifuta vumbi, akanipa, akasema: "Muulize baba yako mkubwa alisimama wapi."

Basi nauliza. Ulisimama wapi? Na mtu kama mimi, niliyezoea kamera za kidijitali, ninunue kamera kubwa ya namna gani?

Mwanao,
Nasra

*

Lukozi, 19 Januari 2025

Mwanangu Nasra,

Marahaba. Barua yako imefika siku ya nne tu, ikiwa na harufu ya vitunguu vya abiria mwenzake. Sisi hatujambo. Mvua za vuli zilituacha na kabichi nzuri, ila bei yake tusiizungumze. Mama yako mkubwa anauliza kama Dodoma mnapata majani ya maboga. Mwambie Juma viazi vipo.

Umenifurahisha. Tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza habari za kamera ile. Wanaoniita Mghosi wa Picha, yaani Bwana wa Picha, siku hizi ni wazee wenzangu, nao wanapungua.

Kaa chini nikueleze. Mtu anayetaka kamera kubwa huanza kwa kuuliza ipi ni nzuri, na hapo ndipo anapopotea. Aanze kwa kuuliza ataibeba mpaka wapi. Kuna kamera za reli moja, ambazo lenzi iko mbele, kioo kiko nyuma, na vyote viwili vinateleza juu ya bomba la chuma. Hizo hugeuka kila upande utakao, na ndani ya studio hazina mpinzani. Lakini ukiipandisha mlimani, kufika kileleni wewe mwenyewe ndiye umekunjika. Kisha kuna kamera ya mbao ya kukunja. Ukiifunga ni sanduku lisilozidi mikate miwili ya boflo. Ukiifungua, ubao wa mbele unalala, lenzi inatoka, na katikati kunanyooka mfuko mweusi wa mikunjo kama wa kodiani. Kwa milima yetu chukua hiyo. Kamera nzuri kuliko zote ni ile inayofika.

Halafu ukubwa wa filamu. Nne kwa tano, kwa inchi, inakutosha kabisa. Kipande kimoja kina nafasi kubwa kiasi kwamba ukikikuza utahesabu majani ya mgomba ng'ambo ya bonde. Wako wanaotamani nane kwa kumi. Hao waache na gari lao na wabebaji wao. Lenzi tafuta ya milimita mia moja na hamsini. Huona kama jicho linavyoona, haitanui wala haivuti.

Ujifunze kuilaza lenzi mbele kidogo. Ukisimama juu ya tuta, tuta la miguuni pako na mlima wa mbali vyote huwa vikali kwa pamoja. Kamera ndogo haiwezi hilo. Nilipofundishwa kule Amani na fundi wa picha wa kituo cha utafiti, nilidhani ni uchawi.

Kitambaa cha kujifunika usinunue. Tumia kaniki. Mimi nilitumia ya marehemu bibi yako, na hakuna mwanga uliopenya. Na ukishajifunika utakuta picha kwenye kioo iko kichwa chini, na kulia kumekuwa kushoto. Usihangaike kuigeuza akilini. Iache hivyo. Picha ikiwa kichwa chini husemi tena ule ni mgomba wa fulani na ule ni ukuta wa fulani. Unaona mistari tu, na mistari haijui ni ya nani. Hapo ndipo unapoona vizuri.

Mvua ya rasharasha imeanza nami nina kabichi za kufunika. Msalimie mkwe wangu.

Ni mimi,
Athumani Shechambo

*

Dodoma, 9 Februari 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Juma amecheka habari ya viazi mpaka akapaliwa. Majani ya maboga tunapata, ila yamekaa kama karatasi.

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya mwisho niliisoma kwa sauti darasani. Wanafunzi wanataka kukuona. Mmoja aliuliza kama kaniki inauzwa mtandaoni. Nimetafuta kamera ya mbao na nimeona moja inayouzwa Nairobi, nne kwa tano, na mwenye nayo anasema mikunjo haina tundu hata moja. Bado sijalipa, nasubiri neno lako.

Lakini umesahau kunijibu jambo moja: ulisimama wapi? Nimeitazama picha kwa kioo cha kukuzia. Katikati kuna Jiwe la Kobe, na juu yake matuta. Nyumba haionekani, wala barabara. Nadhani ulikuwa ng'ambo ya bonde, upande wa juu, lakini ng'ambo ile ina vilima vitatu na kila kimoja kina njia yake. Niambie tu jina la mahali.

Na kitu kingine. Picha niliyo nayo ni ndogo, sawa na filamu yenyewe. Je, filamu yake bado unayo? Ningeikuza.

Mama anasema ameshampata mtu wa kukodi shamba, wataandikiana mwezi wa sita. Nilipomuuliza kama atapakumbuka alisema atakumbuka maji. Sikumwelewa, kwa sababu maji ndiyo yanayomwondoa.

Mwanao,
Nasra

*

Lukozi, 30 Machi 2025

Nasra,

Marahaba. Ramadhani imetuishia salama, na kesho inshallah ni Idi. Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na funga, na kupanda, na mafua ya mama yako mkubwa.

Nimelifikiria upya suala la kamera. Kama chuo kinagharamia, usiwe na haraka ya kununua kitu kidogo. Nane kwa kumi ina heshima yake. Na kamera ya reli ni imara zaidi, haitikiswi na upepo. Picha za maonyesho zinataka ukubwa.

Kwa kuwa ni nzito, usipande nayo. Piga kutoka barabarani, pale gari linapoweza kusimama, kabla ya kuingia Lukozi sokoni. Mteremko wote unaonekana. Mahali nilipokuwa mimi pameshaota miti, hutaona kitu.

Habari za filamu za zamani ni ndefu. Nyumba ina unyevu.

Msalimie Juma. Idi njema.

Athumani

*

Dodoma, 11 Aprili 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Idi ilipita vizuri, ingawa biriani ya Juma ilishika chini. Mafua ya mama mkubwa yamekwishaje? Mpe pole.

Nitasema kwa adabu yote niliyofundishwa, na nyingi yake umenifundisha wewe. Barua za basi hufika kwa siku nne. Hii ya kwako ilichukua wiki saba. Tena aliyeandika ile ya Januari hawezi kuwa ndiye aliyeandika ya Machi. Wa Januari alisema kamera nzuri ni ile inayofika. Wa Machi ananinunulia kamera ambayo haiwezi kufika. Nikajiuliza: hataki nifike wapi?

Kwa hiyo nikarudi kwenye picha. Nilichukua kioo cha kukuzia kikali zaidi, nikakaa nayo dirishani asubuhi nzima. Masale, ile mimea ya mpaka wenu wewe na marehemu Baba, yanaonekana, mstari mwembamba mweusi unaoteremka. Unapita kushoto kwa Jiwe la Kobe. Jiwe liko kulia, upande wa Baba.

Lakini mimi nimekulia pale. Jiwe la Kobe liko kwako. Chemchemi inatoka chini yake, kwako, na mfereji unakwenda kwenye kabichi zako. Tulikuwa tukipita na ndoo kutoka mtoni, na Mama alikuwa akitukataza hata kukaa juu ya jiwe lile tupumzike. "Si letu," alisema. Nilikuwa na miaka mitatu Baba alipofariki, kwa hiyo ya kabla ya hapo siyajui.

Nimefikiri sana, na nimeona sababu moja inayowezekana. Fundi anaposafisha picha anaweza kuiweka filamu kinyume, mgongo ukawa uso, na kulia kukawa kushoto. Mteremko ule pekee, bila nyumba wala barabara, mtu asingegundua. Je, ndivyo ilivyokuwa? Kama uliiweka kinyume niambie, nami sitauliza tena.

Kamera ya Nairobi bado ipo. Mama bado anafungasha.

Mwanao,
Nasra

*

Lukozi, 8 Juni 2025

Mwanangu Nasra,

Marahaba. Mama yako mkubwa amepona. Jana ilikuwa Idi ya Kuchinja na nyama yenu tumeipeleka kwa mama yako. Mahindi yamebeba. Hizo ndizo salamu, na leo sitaki zirefuke, kwa sababu najua nimezitumia kama mtu anavyotumia mlango.

Uliniuliza swali na ukanipa na jibu lake, la kistaarabu, la kumwezesha mzee kutoka bila kuinamisha kichwa. Nilikaa nalo wiki saba. Ningeandika tu: naam, niliiweka kinyume. Kisha nikaenda kwenye sanduku la bati, nikatoa filamu. Haikuota kuvu. Iko kama siku niliyoiosha.

Nikueleze kitu kuhusu filamu za vipande, utakihitaji katika kazi yako. Kila kipande kina pengo dogo lililokatwa pembeni, karibu na kona. Limewekwa kwa ajili ya gizani. Unapoishika filamu bila kuona, kidole kikilikuta pengo juu kulia, basi uso wake unakutazama. Kwa hiyo filamu ya namna hii haiwezi kusingiziwa. Inajua upande wake. Nimeifunga pamoja na barua hii, ndani ya bahasha mbili, na Twaha nimemwambia asiikunje wala asiikalie. Ishike, tafuta pengo, kisha uigeuze uitazame kwa mgongo, maana uso ndio uliotazama mlima. Jiwe liko kulia. Jiwe lilikuwa la baba yako.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Baba yako Kassimu alifariki Januari 1998, na mvua za mwaka ule unazisikia zikisimuliwa. Mwezi wa pili mteremko uliporomoka. Masale yote ya chini yalikwenda, na Jiwe la Kobe likafukiwa nusu. Mama yako alikuwa ndani, anakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki kwenda shambani. Mkubwa wa nyumba nilikuwa mimi. Nikaona si vizuri mpaka ukae wazi, watu wakaanza kusema. Nikachukua vipandikizi vya masale nikaenda kupanda peke yangu, siku ya ukungu, nikilenga kwa macho kutoka kichwa cha shamba. Nilipofika kwenye jiwe nilipita upande wa baba yako, likabaki kwangu. Wallahi siku ile niliamini ndipo. Ulikuwa ukungu, nami nilikuwa nimefiwa na ndugu.

Kosa hilo Mungu angenisamehe. La pili ndilo kosa. Mvua zilipokwisha, maji yakatokea chini ya jiwe, maji mazuri, nami nikayachimbia mfereji. Mwaka uliofuata nikapata shaka. Nikaitoa filamu nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nikaona ulichokiona wewe. Nikairudisha kwenye bati.

Kuanzia hapo nilimpa mama yako maji kila Jumamosi. Siku moja kati ya saba, ya maji yake mwenyewe, na nikakubali kushukuriwa. Nikakusomesha. Nilikusomesha kwa mapenzi, hilo usilitilie shaka. Lakini kila uliposhukuru nililiona jiwe.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa uani anafunga mafungu ya karoti. Nilijitayarishia maneno mengi, ila yalitoka machache.

"Shemeji," nikasema, "Jiwe la Kobe ni la Kassimu."

Hakuacha kufunga. "Nilitoka eda Jumatano," akasema. "Alhamisi nilikuwa shambani. Ulidhani sikuliona?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningemwambia nani? Msimamizi wa mirathi ni wewe. Mkubwa wa ukoo ni wewe. Mwenye watoto wangu shuleni ni wewe." Akakata ugwe kwa meno. "Nikaiacha picha ukutani. Nikasema siku moja anapokunywa chai atainua macho."

Miaka ishirini na saba nimekunywa chai katika nyumba ile, Nasra, na kiti changu nimekiweka chini ya picha, nikiipa mgongo. Nilifikiri nimekaa kwa hiari yangu. Kumbe alikuwa anatazama anavyokaa mtu mzima asiyetaka kugeuka.

Nilimwomba radhi. Alisema radhi ina maji yake, na kwamba tutaizungumza masale yakishahama. Mfereji nimekwisha ugeuza. Mkataba wa kukodisha haukuandikwa. Kama atakuja Dodoma au hatakuja, hilo ni lake, nami sina neno.

Ulisimama wapi, uliuliza. Nilisimama Kwemashai, kilima cha katikati, juu ya bapa la mwamba ambapo watu huanika maharage. Miti haikuota, nilikudanganya. Stendi aliibeba baba yako, akilalamika njia nzima kwamba ina miguu mitatu na bado haiwezi kutembea.

Nunua ile ya Nairobi. Nne kwa tano. Na sababu sasa ni kubwa kuliko uzito: filamu niliyokutumia ni ya ukubwa uleule. Simama palepale, weka lenzi ileile, kisha ilaze filamu ya zamani juu ya kioo. Jiwe likikaa juu ya jiwe na tuta juu ya tuta, mstari wa masale utajionyesha wenyewe mahali pake. Lenzi usinunue. Yangu naipangusa, nitakupa ukija, kama utakuja.

Athumani

*

Dodoma, 21 Juni 2025

Filamu imefika. Pengo liko juu kulia.

Nimejaribu kuandika zaidi ya hapa mara tatu. Nimekumbuka ndoo. Nimekumbuka pia nikiwa darasa la tano, ulivyonibeba mgongoni mpaka barabarani tukapata gari la kwenda Lushoto hospitalini. Sijui niviweke wapi vyote viwili.

Kamera nimelipia. Nitakuja tarehe 9 Agosti. Masale yasihamishwe mpaka nifike. Safari hii usilenge kwa macho.

Nasra

*

Lukozi, 14 Septemba 2025

Marahaba, mwanangu.

Naanza na hilo kwa sababu barua yako ya Juni haikuwa na shikamoo. Niliisoma mara tatu nikiitafuta, nikageuza hata bahasha. Na Agosti ulinipa mkono kama mgeni wa serikali. Sikulalamika. Jana picha ilipofika kutoka Dodoma nikaigeuza, nikakuta nyuma umeandika kwa penseli neno moja tu, lile lile. Nimelijibu hapo juu. Nalijibu tena: marahaba.

Tuko salama. Kifua changu ni kilekile. Mama yako anauza karoti mpaka Mombo, na amemwambia Twaha akitaka aendelee kupewa za bure aache kumwita bibi. Habari za kuhamia Dodoma siku hizi hazitaji. Anasema atakuja mwezi wa kumi na mbili kukutembelea, na anasisitiza neno hilo, kutembelea. Anaulizia kaniki yake uliyojifunikia Agosti.

Sasa tuongee picha, maana kazi ni kazi. Ukali wake umenishangaza. Lenzi uliilaza kiasi hasa kinachotakiwa: maharage yaliyoanikwa kwenye bapa miguuni pako yanahesabika, na ng'ambo matuta yanahesabika. Sikuamini kwamba lenzi yangu bado inajua kazi yake.

Wewe hukuona tulivyokuwa huku chini. Ulipopunga leso upande wa kushoto nilikwenda kushoto, nikachomeka kipandikizi, ukapunga tena kushoto, nikaenda, mpaka nikafika kwenye migomba ya watu. Mama yako alikuwa amekaa juu ya Jiwe la Kobe anatazama. Akaniambia, "Mghosi, huyo mtoto ana kaniki kichwani, kushoto kwake ni kulia." Ni kosa ambalo mimi ningelifundisha siku ya kwanza, na sote wawili, mwalimu na mwanafunzi, tukaingia mzima mzima. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Sijamwona akicheka vile mbele yangu tangu Kassimu alipokuwa hai.

Tukaanza upya, na safari ile kila uliposhusha leso nilichomeka. Vipandikizi kumi na vinne. Havikufuata mstari niliokuwa nao kichwani hata kidogo. Hata ule ambao nilikuwa nadhani ndio wa kweli, baada ya kukiri, niliukosea kwa hatua mbili, na kukosea kwenyewe kulikuwa kwa faida yangu. Ndiyo maana nashukuru ulisema tusubiri filamu. Kumi na viwili vimeshika na kutoa majani. Viwili vilikaushwa na jua, mama yako akavipanda tena mwenyewe. Sikusogea kumsaidia, kwa kuwa hakuniita.

Kwenye kikaratasi ulichoambatanisha umeandika kwamba hukuridhika na jambo moja. Umefunga tundu la lenzi sana ili vyote viwe vikali, kwa hiyo mwanga ulichukua sekunde mbili kuingia. Mama yako alitulia juu ya jiwe, na ametoka kama amechongwa, hata pindo la mtandio linaonekana. Mimi nilikuwa bado naukandamiza udongo kwenye kipandikizi cha mwisho. Sikujua kama umeshafungua. Kwa hiyo pale nilipokuwa pana kitu cheupe tu, kama ukungu ulioshuka kwenye masale, na jembe lisiloshikwa na mtu. Unauliza kama unaweza kurudi Desemba kuipiga upya, nikiwa nimesimama vizuri.

Nimeitazama jana kutwa. Nimeipeleka kwa mama yako, akaitundika ukutani karibu na ile ya 1983, na tukanywa chai. Kiti nimekihamishia upande wa dirisha, nazitazama zote mbili.

Usiipige upya. Iache hivyo.

Baba yako mkubwa,
Athumani